Mkia Mpya Haukai Sawa: Utatuzi wa Matatizo kwa Modeli za Ndege za Mabomu za Jeti

Mtu ananunua boksi la modeli ya ndege ya mabomu, Victor au Tu-22, la skeli 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), anautazama mkia wa kiwandani, kisha anajiuliza: ingekuwaje kama wangeutengeneza vingine? Anakata, anabandika, anapiga filla ya kuziba mianya, anapaka rangi. Kazi inatoka safi, lakini kila anayeitazama anahisi kuna kitu hakijatulia, hata kama hawezi kukitaja. Mwongozo huu ni wa kukitaja.

Majina kwanza, tusipotezane njiani. Pezi ni kile kipande kilichosimama. Kibawa cha mkia ni kile kilicholala. Bodi ni mwili wa ndege, na mkono ni umbali kutoka katikati ya bawa kubwa hadi katikati ya mkia.

Modeli nyingi za "ingekuwaje", yaani zenye umbo la kubuni, zikiharibika, watu huushika mkia na kuanza kuuchonga upya. Mimi naona ugonjwa mara nyingi uko mbele zaidi: injini zimewekwa wapi, bawa limekaa wapi, na nani alikuwa ameketi kule nyuma na bunduki. Mhandisi alichora mkia baada ya hayo kuamuliwa. Kwa hiyo fuata dalili kwa mpangilio huu, na usiguse kisu mpaka umemaliza mbili za kwanza.

Maungio ni safi, ila mkia unaonekana umetoka kwenye ndege nyingine

Anza na moshi wa injini. Gesi ya jeti ina joto na kishindo cha kuchosha bati lolote lililo njiani mwake, hivyo wahandisi wa miaka ya 1940 na 1950 walipanga mikia yao wakiukwepa. Zipange ndege zenyewe kwa safu utaona. Vickers Valiant, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 18 Mei 1951, ina injini nne zilizozikwa kwenye mashina ya mabawa, na kibawa chake cha mkia kimepandishwa hadi sehemu ya kati ya pezi, mbali na bodi. Handley Page Victor, iliyoruka tarehe 24 Desemba 1952, nayo imezika injini nne mahali hapohapo, na kibawa kimepanda hadi kileleni. Canberra ya mwaka 1949 ina injini mbili nje kwenye mabawa, mbali na bodi, basi kibawa kimebaki chini kwenye bodi, ncha zikiwa zimeinuka kidogo. B-47 ya Boeing imetundika injini sita kwenye vikasha chini ya bawa. Moshi unapita chini na kibawa hakina cha kukimbia.

Halafu inakuja Tu-22 ya Tupolev, ambayo iligeuza hesabu yote. Injini zake mbili zimepandishwa mgongoni, moja kila upande wa shina la pezi, na kibawa cha mkia kimeshushwa chini kabisa kwenye bodi. Msomaji wa Mwanza ana sababu yake binafsi ya kuijua ndege hii. Tarehe 29 Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, Tu-22 ya Libya ilitumwa kupiga hazina ya mafuta ya mji huo, ikakosa shabaha, na kilichoumia kikawa hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Swala kadhaa walikufa.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua njiti za mshikaki, moja kwa kila bomba la moshi, uzishike kwa tepu ya karatasi zielekee nyuma kwa mstari ulionyooka mpaka ziupite mkia. Moshi hutanuka unavyokwenda, kwa hiyo pale mkiani hesabu kwamba kila njiti imezungukwa na mkondo wenye upana wa angalau mara mbili ya kipenyo cha bomba. Mkondo huo ukigusa kibawa au pezi ulilobuni, umepata ugonjwa. Macho ya mtazamaji yanauona hata kama mdomo wake hausemi.

Tiba ni tatu. Unaweza kupandisha au kushusha kibawa. Unaweza kugeuza mabomba yaelekee nje kidogo, kama Tu-16 ilivyofanya ili moshi usiilambe bodi. Au unahamisha injini zenyewe, na hapo ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanahamisha injini halafu wanauacha mkia wa zamani ukiwa na umbo lililodaiwa na injini ambazo hazipo tena.

Chukua Tu-22 hiyohiyo na uziteremshe injini chini ya mabawa. Lile shina nene la pezi, lililokuwa limebanwa kati ya vikasha viwili, sasa halina kazi. Lichonge liwe jembamba na uliteremshie mgongo mrefu unaoingia taratibu kwenye bodi. Kibawa cha mkia kilikuwa kimekimbilia chini, sasa kiko huru kupanda. Lakini angalia nyuma ya bawa: kuna vile vikasha vya Tupolev ambamo magurudumu makubwa hukunjwa. Hapo huwezi kutundika injini, lazima isogee nje zaidi au iende ndani karibu na bodi. Ukishafika hapa, modeli imeanza kujieleza yenyewe.

Mkia unaonekana mdogo, au mkubwa, na huna uhakika ni upi

Usiamini jicho, pima. Kazi ya mkia ni eneo lake likizidishwa na mkono. Mkia mdogo ulio mbali na mkia mkubwa ulio karibu unaweza kufanya kazi ileile. Kwa kuwa bawa kubwa hujalibadilisha, huhitaji fomula ndefu ya vitabuni. Linda tu lile zao, yaani jibu la kuzidisha.

Mfano. Kibawa cha kiwandani kina eneo la sentimita mraba 80, na mkono ni sentimita 24. Zao lake ni 1,920. Sasa unakipandisha kwenye kilele cha pezi lililolala kuelekea nyuma, na mkono unarefuka kufikia 27. Gawa 1,920 kwa 27, unapata kama 71. Kwa hiyo kibawa chako kipya kinaruhusiwa kuwa kidogo kuliko cha zamani, na kikiwa kidogo hivyo kitaonekana sahihi. Kinyume chake, ukiikata bodi nyuma hadi mkono ubaki 16, unahitaji sentimita mraba 120. Watu hufupisha bodi wakaacha kibawa kilekile, halafu wanalalamika kwamba ndege inaonekana kama itaangukia pua. Hesabu ya pezi ni hiyohiyo, kwa namba zake.

Eneo lipime kwa kulaza kipande kwenye karatasi ya miraba ya hesabu, kuchora ukingo wake, na kuhesabu miraba. Hakuna haja ya kompyuta.

Baada ya kupima, kata mkia wa kadibodi na uushikize kwa tepu. Ondoka. Rudi kesho yake uuangalie kwa pembeni na kwa mbele, kwa urefu wa macho, si kutoka juu kama unavyoitazama mezani. Kutoka juu kila pezi huonekana fupi.

Ukibishana na mtu kwamba pezi lako ni fupi mno, mwonyeshe B-52. Matoleo ya kwanza yalikuwa na urefu wa karibu mita 14.7 kutoka chini hadi ncha ya pezi. Kuanzia B-52G wakalikata, ndege ikashuka hadi kama mita 12.4, na ndivyo zilivyo zinazoruka hadi leo. Tarehe 10 Januari 1964 B-52H moja iliyokuwa kwenye majaribio ilikumbwa na upepo mkali uliovurugika karibu na milima ya magharibi mwa Marekani, ikapoteza sehemu kubwa ya pezi hilo. Marubani waliendelea kuruka kwa saa kadhaa, wakachezea mafuta na magurudumu ya nyuma kuitulizia mwendo, wakatua Blytheville, Arkansas. Picha yake ikiwa angani na kisiki tu cha pezi ipo. Ukiiweka kwenye modeli kama ilivyo, watu watakwambia umebuni vibaya.

Mkia wa V umelala mno, au umesimama kama masikio ya sungura

Mkia wa V una vipande viwili vilivyoinuka kwa mshazari, vinavyofanya kazi ya pezi na kibawa kwa pamoja. Kuna pembe inayotokana na mkia wa awali. Gawa eneo la pezi kwa eneo la kibawa. Ukipata 1, yaani maeneo ni sawa, kila upande wa V uinuke nyuzi 45 kutoka mlalo. Ukipata nusu, nyuzi 35. Theluthi moja, nyuzi 30. Kwa anayependa hesabu: tanjenti ya pembe, ikizidishwa kwa yenyewe, ni sawa na ule uwiano. Ndege nyingi za mabomu zina pezi lenye eneo la kati ya nusu na eneo zima la kibawa, hivyo V yako itaangukia kati ya 35 na 45. Chini ya hapo modeli inafanana na ndege ya kuchezea ya upepo.

Kosa la pili kwenye V ni kubwa zaidi ya pembe. Watu wanachukua vipande viwili vya kibawa cha kiwandani, wanavikunja juu, wanalitupa pezi, basi. Wamepoteza eneo lote la pezi. V haikupi kazi ya bure: jumla ya vipande vyake viwili inapaswa kukaribia jumla ya pezi na kibawa ulivyoondoa. Kwa hiyo V ya kweli ni kubwa kuliko unavyotarajia. Tazama Fouga Magister, jeti ya mafunzo ya Ufaransa iliyoruka mwaka 1952, uone vile vipande vilivyo virefu ukilinganisha na mwili wake mdogo.

V inaipenda sana Tu-22, kwa maoni yangu. Injini zikibaki mgongoni lakini zikasogezwa pamoja katikati, moshi unapita katikati ya V na hakuna kinachoungua. Huo ndio mkia wa kubuni ninaoupendekeza kwa anayeanza, kwa sababu una sababu.

Mkia wa T unainama upande mmoja, au unatikisika

Mkia wa T ni ule wenye kibawa kileleni mwa pezi. Hapa kuna ugonjwa wa modeli na ugonjwa wa ndege halisi, na vinafanana kwa namna ya kutisha.

Victor ya kwanza, namba WB771, ilianguka Cranfield tarehe 14 Julai 1954 ikiwa inapita chini juu ya uwanja. Kibawa cha mkia kilichomoka kutoka kwenye kilele cha pezi, na waliokuwemo wote walikufa. Kibawa kilikuwa kimeshikwa kwa boliti tatu, na chuma chake kilikuwa kimechoka kwa mzigo uliozidi ule uliotarajiwa. Ndege zilizofuata zilipewa pezi fupi na maungio yenye nguvu zaidi.

Kwenye meza yako, kilele cha pezi la 1/72 ni chembamba na unataka kibebe kipande kirefu kinachotokeza pande mbili. Gundi ya kuyeyusha plastiki ndiyo adui. Inalainisha ncha ya pezi, kibawa kinakaa sawa usiku, asubuhi unakikuta kimelala upande mmoja kwa uzito wake. Ukimimina gundi zaidi unazidisha ulaini.

Fanya hivi. Toboa tundu mbili ndogo kwenye kilele cha pezi, moja mbele, moja nyuma, zikizama sentimita moja. Ingiza waya wa shaba, ncha zibaki nje milimita mbili au tatu. Toboa upande wa chini wa kibawa mahali panapolingana. Tumia gundi ya mirija miwili ya kuchanganya, ya aina ya Araldite, ambayo haiyeyushi plastiki na inakupa muda wa kunyoosha. Weka modeli kati ya rundo mbili za vitabu vya urefu sawa, ncha za kibawa zikiegemea juu yake, na uache mpaka kesho. Waya mmoja hautoshi. Kibawa kitazunguka juu yake.

Makutano yenyewe yafunike kwa kipande kilichochongoka mbele na nyuma. Ndege halisi nyingi za T zinacho. Bila hicho T yoyote inaonekana imebandikwa, hata kama imeshikwa kwa chuma.

Ukitaka T yako iaminike kwa wajuzi, angalia pia ilivyo kuhusiana na bawa. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, bawa linaacha kubeba na hewa iliyovurugika nyuma yake inaweza kukifunika kibawa kilicho juu, rubani akose cha kuishushia pua. Hivyo ndivyo BAC One-Eleven ya majaribio ilivyopotea Uingereza tarehe 22 Oktoba 1963, pamoja na wote waliokuwemo. Ndege ile ilikuwa ya abiria, lakini hewa haijali. T iliyo juu sana, karibu sana nyuma ya bawa pana, itamfanya mjuzi akunje uso.

Mapezi mawili yanaonekana ya urembo

Yape kazi. Northrop YB-35 ilikuwa bawa tupu lenye propela zilizosukuma kutoka nyuma, na propela hizo pamoja na mashina yake zilisaidia kuishika isiyumbe pembeni. Ilipogeuzwa kuwa jeti, YB-49 ya mwaka 1947, msaada huo ukaondoka, wakaongeza mapezi manne madogo kuurudisha. XB-70 ya mwaka 1964 ilikuwa na mapezi mawili yaliyosimama juu ya bawa la pembetatu. Sababu nyingine inayokubalika kwenye modeli ya kubuni ni kimo cha mlango wa hanga: B-52 ina pezi linalokunjwa kulala upande ili iingie ndani, na mapezi mawili mafupi yangeweza kumaliza shida hiyo. Eneo la mawili kwa pamoja lilingane na lile la moja uliloliondoa.

Umeondoa mkia wote, na sasa ndege inaonekana haijakamilika

Kwa sababu haijakamilika. Avro Vulcan, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 30 Agosti 1952, haina kibawa cha mkia, lakini ina bawa la pembetatu ambalo ukingo wake wa nyuma uko mbali nyuma ya katikati ya uzito. Vipande vinavyoinua na kushusha pua viko kwenye ukingo huo. Kwenye toleo la kwanza, Vulcan B.1, vya ndani vilikuwa vya pua na vya nje vya kuilaza ndege upande, kwenye toleo la pili, B.2, vyote vinane vikafanya kazi zote mbili. Ukikata kibawa cha Canberra, bawa lake lililonyooka halina ukingo ulio nyuma vya kutosha. Badilisha bawa, au irudishie mkia wake.

Hakuna mahali pa mtu wa bunduki

Angalia kama ulimtupa bila kujua. Injini ikiingia kwenye ncha ya bodi, kama XB-51 ya Martin yenye injini ya tatu mkiani, bunduki ya nyuma imekwisha. Ama uiondoe na kuziba dirisha, ama umhamishe mtu mbele na kuacha bunduki ziongozwe kwa rada, kama B-52G ilivyofanya. Dirisha la mtu lililobaki chini ya bomba la moshi ni kichekesho.

Modeli inakalia mkia

Kibawa kizito juu ya pezi refu, filla nyingi, waya wa shaba: vyote viko nyuma ya magurudumu. Kwa kila kitu ulichoongeza, zidisha uzito kwa umbali wake kutoka kwenye magurudumu makubwa. Gramu 10 zilizo sentimita 25 nyuma ni 250; kwenye pua iliyo sentimita 20 mbele unahitaji gramu 12.5, ongeza kidogo kwa usalama. Fanya hivyo kabla ya kufunga bodi, ukiwa umeshika nusu mbili kwa tepu.

B-47, B-52 na M-4 ya Myasishchev hazisumbui, maana magurudumu yao yamepangwa mbele na nyuma chini ya bodi. Tu-22 inasumbua hata kabla hujaigusa.

Uzito rahisi kupata ni chubwi za kuvulia samaki. Zikiwa za madini ya risasi, nawa mikono, na usizifanye kazi mezani pa kulia. Na usizishike kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi ikikaa ndani ya gundi hiyo kwenye pua iliyofungwa huanza kuliwa na kuvimba taratibu, na baada ya muda mrefu mshono wa pua unafunguka na rangi kupasuka, wakati wewe unatafuta kosa kwenye mkia. Ukikuta ufa unaoanzia puani kwenye modeli ya zamani, hakuna filla itakayoushika. Fungua pua, toa kila chubwi, kwangua unga mweupe wote ukiwa umevaa barakoa, na urudishe uzito mpya kwa gundi ya mirija miwili.